Vumbi la Chini ya Gunia

Kila genge la mkaa lina kitu kimoja kisichopata mnunuzi: vumbi. Gunia hutoka Kilosa, Handeni au Rufiji likiwa limeshindiliwa juu ya lori, likapigwapigwa na barabara, likashushwa kwa kutupwa chini, na likifika Dar es Salaam karibu sehemu moja ya kumi ya mkaa wake imekwisha kusagika, wakati mwingine zaidi. Muuzaji huchambua vipande, huvipanga kwenye sado na madebe, na kilichobaki chini hukifagia. Kingine hujaza mashimo ya uchochoro, kingine huishia mtaroni hadi mvua ikisombe.

Vumbi hilo ni mkaa kamili, umekosa umbo tu. Tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo hula kilo sita hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Kwa hesabu hiyo, kiroba cha kilo 20 za vumbi kina kilo 120 au zaidi za mti ndani yake, mti uliokwisha kukatwa, kuchomwa na kulipiwa nauli. Sijui malighafi nyingine mjini yenye gharama kubwa namna hiyo inayotolewa bure, au kwa bei ya soda.

Tangu Tanzania izindue Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, Mei 2024, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034, na tangu taasisi zinazopikia watu wengi ziagizwe kuachana na kuni na mkaa wa miti, wanaoulizia mkaa mbadala, ule unaofinyangwa kutokana na vumbi kama hilo au mabaki ya mimea, wamekuwa wengi. Swali lao la kwanza huwa ni hilo hilo: mashine ni bei gani? Ningependa liwe la mwisho. Nimeona mashine nzuri zikigeuka kiti cha kuku kwa sababu mwenyewe hakujua mambo mawili yanayoamua kama mkaa wake utanunuliwa mara ya pili, yaani majivu na unyevu.

Tuanze na majivu. Kila mmea una madini ambayo moto hauwezi kuyala. Pumba za mpunga zinayo mengi mno, kwa sababu mpunga hunyonya silika ardhini na kuiweka kwenye ganda: kilo 100 za pumba kavu zina karibu kilo 20 za majivu. Ukizichoma kuwa mkaa, gesi na lami hutoka, ukabaki na kilo 40 hivi. Majivu hayakwenda popote. Zile kilo 20 zote zimo humo, kwa hiyo nusu ya unachomuuzia mama lishe ni kitu kisichowaka. Atawasha, ataona moto dhaifu, kisha jiko litaziba kabla maharage hayajaiva. Linganisha na vifuu vya nazi. Kilo 100 za vifuu zina kama kilo moja tu ya majivu, na zikichomwa vizuri hutoa karibu kilo 30 za mkaa mgumu unaokaribia ule wa miti au kuushinda. Magunzi ya mahindi na vumbi la mbao kutoka kwa maseremala navyo ni vizuri. Aliyeko Mbarali au Kilombero, kwenye milima ya pumba, anaweza kuzitumia, lakini azichanganye kidogo na mkaa wa magunzi au na vumbi la gengeni, asizitegemee peke yake. Aliyeko Mafia, Pangani au Unguja hana sababu ya kuhangaika na pumba wakati vifuu vinamzunguka.

Vumbi la gengeni lina ugonjwa wake, nao ni mchanga. Limefagiwa sakafuni, na mara nyingi sakafu yenyewe ni ardhi. Mchanga ni majivu uliyoyanunua kabla ya kuwasha, na tena hula chuma cha mashine kuliko kitu kingine chochote. Dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni kumpa muuzaji turubai au viroba, atandike chini ya mahali anapochambulia, na umlipe kidogo zaidi kwa vumbi safi. Hii ndiyo rahisi. Ya pili ni kuosha: mimina vumbi kwenye ndoo ya maji, koroga, mchanga utatangulia chini, nawe umimine haraka maji yenye mkaa kwenye kitambaa cha kuchujia. Kuosha kunafanya kazi, ila umejiongezea siku za kukausha, na nitaeleza baadaye kwa nini siku hizo ni ghali.

Asiye na vumbi atachoma mwenyewe. Pipa la lita 200 linatosha kujifunzia, mradi halikuwahi kubeba dawa za mimea wala kemikali. Toboa matundu chini, liweke juu ya mawe matatu, washa moto mdogo ndani, kisha ongeza vifuu au magunzi kidogo kidogo kila moto unapoanza kupanda. Uangalie moshi. Mwanzoni utakuwa mzito na mweupe, kwa kuwa ni maji yanayotoka. Ukianza kuwa mwembamba wenye ubuluu, ujue gesi zimekwisha na sasa unaanza kuunguza mkaa wako. Hapo ondoa mawe, kalisha pipa ardhini, ziba matundu kwa udongo, funika juu na ukandike pembeni. Liache hadi kesho yake. Anayefungua jioni ile ile kwa pupa hupata majivu, na mkaa unaotiwa kwenye viroba ukiwa bado na joto ndani unaweza kujiwasha wenyewe usiku na kuteketeza banda. Kazi hii ifanyike mbali na nyumba za watu. Moshi wa pipa una lami na gesi mbaya, na majirani hawatakuelewa hata ukiwaambia unatunza mazingira.

Baada ya kutwangwa na kuchekechwa, vumbi linahitaji kishikizo. Uji wa muhogo ndio ninaoupenda. Kwa kilo 10 za vumbi kavu, nusu kilo ya unga iliyopikwa kwa lita tano za maji mpaka uji uvutike inatosha kuanzia, kisha unaongeza maji kidogo kidogo. Kipimo ni ngumi: finya mchanganyiko, ukishika umbo bila maji kuchuruzika vidoleni uko tayari. Si lazima uwe unga wa kula. Uliovunda au uliofagiwa kinuni hufanya kazi ile ile kwa bei ndogo. Wengine hutumia udongo wa mfinyanzi, na kwa mkaa wa nyumbani sina neno nao, hufanya mkaa uungue taratibu. Kwa biashara, nasita. Udongo hauna moto, kila kilo yake itarudi kama majivu, na ukishazoea urahisi wake mkono huongeza tu. Molasesi hushika vizuri pia, ila mkaa wake hutoa moshi na harufu usipochomwa tena.

Sasa umbo. Viganja viwili vinatosha kufinyanga madonge, na familia nyingi za mijini zimekuwa zikifanya hivyo bila kuita jambo hilo ujasiriamali. Hatua inayofuata ni kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili na mchi wa mti unaoingia ndani yake sawasawa. Baada ya hapo kuna mashine ya mkono ya kusagia nyama, iliyotolewa kisu na kichungio chake, nayo huzalisha mkaa wa kutosha kumpima mteja. Ukishajua una wateja, ndipo uende kwa mafundi wa kuchomelea, iwe Gerezani ya Dar es Salaam, Kamukunji ya Nairobi au Katwe ya Kampala, wakutengenezee mashine ya skrubu yenye mota. Mwambie fundi skrubu iwe ya kufungulika, maana mkaa huisugua mpaka inaisha, na utaibadilisha. Mwombe pia atie chuma katikati ya mdomo ili mkaa utoke na tundu. Tundu hilo hupitisha hewa wakati wa kuungua na hupunguza muda wa kukauka.

Kukauka ndiko kunakofunga viwanda vidogo. Mkaa unapotoka mashineni umebeba maji theluthi ya uzito wake au zaidi, na haufai kuuzwa mpaka yashuke hadi kama asilimia kumi au chini ya hapo. Kwenye jua kali hilo huchukua siku tatu hadi tano. Ukiuanika chini juu ya turubai, upande wa chini hubaki mbichi, na uji wa muhogo uliobaki na unyevu huota ukungu. Jenga chanja, za miti na wavu, hewa ipite juu na chini, na juu yake paa la nailoni angavu lililoachwa wazi pembeni. Ukipiga hesabu utaona kwamba uzalishaji wako hauamuliwi na mashine. Chanja zinazobeba kilo 200, zikikauka kwa siku nne, zinakupa kilo 50 kwa siku, hata mashine yako iwe na uwezo wa kilo 500 kwa saa. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye mbao na wavu.

Kabla ya kuuza, jipime kwa haki. Dondosha kipande kutoka usawa wa kiuno: kikipasuka vipande vitatu, kishikizo hakitoshi au kukauka hakujakamilika. Pima kilo moja ya wako na kilo moja ya mkaa wa miti, pika maharage yale yale kwenye majiko mawili yanayofanana, na mwisho pima majivu. Utagundua kwamba wako unachelewa kushika, moto wake ni wa chini kidogo, lakini unadumu. Hiyo ndiyo ramani ya wateja wako. Mchoma chapati anayetaka moto mkali papo hapo hatakupenda. Mpika maharage na makande, mchemsha supu na mfugaji wa vifaranga watakupenda, kwa sababu wanataka joto la polepole la saa nyingi. Wafundishe kuwasha kwa vipande vichache vya mkaa wa kawaida, na wasiuchokoe chokoe, maana ukichokolewa hubomoka na kuziba matundu ya jiko.

Kwa mfugaji, hasa, sema jambo moja zaidi, na uliseme kwa kila mteja. Mkaa mbadala hutoa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, sawa na mkaa wa miti. Kukosa moshi si kukosa sumu. Chumba kilichofungwa huua watu, na banda lililofungwa huua vifaranga.

Kuna tatizo la soko ambalo vitabu vya mafunzo hulipita haraka. Mkaa wa miti huuzwa kwa ujazo: sado, debe, gunia, na kule Kenya, mkebe na gorogoro. Mkaa mbadala huuzwa kwa kilo, na kwa kuwa ni mzito, kilo mbili zake huonekana kijifungu tu mbele ya sado iliyojazwa kwa kichuguu. Mama anayehesabu kwa macho anaona anaibiwa. Usibishane naye kwa mizani. Uza kwa sado ile ile anayoijua, panga bei kwa sado, na mwache agundue mwenyewe kwamba sado yako imempikia chakula cha mchana na cha jioni.

Biashara ya vumbi inategemea mkaa wa miti kuendelea kuuzwa, na hilo halina budi kusemwa waziwazi. Kampuni ya Chardust ya Nairobi ilijijenga juu ya vumbi la magenge, na ni kazi ya maana. Lakini anayetaka jina la kijani bila doa atasogea taratibu kuelekea vifuu, magunzi na maranda. Huko Naivasha, kampuni ya Sanivation imekwenda mbali zaidi, inatumia kinyesi cha vyooni kilichotibiwa kwa joto kama sehemu ya malighafi. Wala usichanganye mkaa huu na ule wa STAMICO, shirika la madini la taifa, uitwao Rafiki Briquettes. Ule umetokana na makaa ya mawe, ni bidhaa nyingine kabisa, na utashindana nao sokoni.

   

Makaratasi ya biashara hii hayana ugumu ule unaosimuliwa. Mjasiriamali mdogo hupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho, kisha huenda nayo TBS, shirika la viwango, kuomba alama ya ubora, na kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza kuomba mkopo utokanao na asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Andika chanja kwenye maombi yako kabla ya mashine.

Ratiba ya mwaka ndiyo huwatenga wanaobaki na wanaofunga. Bei ya mkaa wa miti hupanda masika, barabara za vijijini zinapokatika na matanuri yanapolowa. Ndiyo miezi ile ile ambayo chanja zako hazikauki. Kwa hiyo zalisha kwa nguvu Januari na Februari, na tena kuanzia Juni hadi Septemba, uhifadhi ndani ya viroba juu ya mbao zilizoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta unaovuja na mchwa, maana mkaa wa uji ukilowa hurudi kuwa tope. Machi ikifika, anza kutoa.