Kukifuata Kiini cha Maradhi Mpaka Kiwandani

Wasikilizaji wetu, mwizi akipita matopeni hufuatwa kwa nyayo zake. Je, kiini cha maradhi kisichoonekana kwa macho chafuatwaje? Leo twapenda kueleza habari ya Afrika ya Kusini, ambako katika mwaka 2017 watu wengi waliugua kwa kiini kiitwacho listeria.

Kiini hiki kina tabia ya ajabu. Baridi ya jokofu, ambayo hulaza viini vingi, haikizuii kuzaana. Moto wa kupikia ndio ukiuao. Tena mtu aweza kula leo, na maradhi yakatokea baada ya majuma mengi, hata siku 70. Na ni nani akumbukaye chakula cha miezi miwili iliyopita? Hata hivyo wagonjwa waliulizwa. Katika watu 109, watu 93 walisema wamekula nyama ya kiwandani iliyo tayari kuliwa, na zaidi poloni, yaani soseji nene iliwayo baridi.

Hiyo ilikuwa tuhuma tu. Januari 2018 watoto tisa wa shule moja ya watoto wadogo huko Soweto walifikishwa hospitali wakiugua matumbo na homa. Siku ile ile wakaguzi wa afya wakaenda shuleni, wakachukua poloni za viwanda viwili. Listeria ikaonekana katika choo cha mtoto mmoja na katika poloni zote mbili. Ndipo mabingwa waliposoma vinasaba, yaani alama ambayo kila kiini hukirithisha kizazi chake, wakaona ni ukoo mmoja, uitwao ST6. Ukoo huo ndio uliokwisha kuonekana katika viini 91 kwa kila 100 vilivyotoka kwa wagonjwa.

Wengine wangaliridhika hapo. Lakini vyakula vikiwekwa pamoja huambukizana, kwa hiyo poloni za shuleni hazikuwa ushahidi wa kutosha. Hawakuwa na budi kwenda viwandani. Katika kile cha Polokwane walipima na mahali pa kazi penyewe, si nyama peke yake, na ST6 ikaonekana katika vipimo 16. Poloni za kiwanda cha pili zilikuwa na listeria, lakini ya ukoo mwingine. Tarehe 4 Machi 2018 waziri wa afya akatangaza habari hiyo, na poloni zikaondolewa madukani.

Maradhi yalitangazwa kuwa yamekwisha mwezi Septemba 2018. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 1,060, na 216 walikufa. Karibu wanne katika kila kumi waliougua walikuwa watoto wachanga, ambao hawakuonja poloni hata kidogo, bali waliambukizwa na mama zao kabla ya kuzaliwa au walipokuwa wakizaliwa.