Kuhamisha Waridi la Jangwani: Kwa Nini Maji ya Siku ya Kwanza Huua

Katika sehemu kavu za Wilaya ya Mbulu, hasa upande wa Yaeda Chini kuelekea Ziwa Eyasi, huota kati ya mawe mmea mfupi wenye gome la kijivu, shina lililovimba chini kama kibuyu, na maua ya rangi ya waridi yaliyopauka kooni. Kiangazi kinapopamba moto mmea huu huweza kubaki bila jani hata moja, na bado ukachanua. Wataalamu wa mimea huuita Adenium obesum, na wapenda bustani huuita waridi la jangwani, ingawa hauna udugu wowote na waridi. Udugu wake ni na oleanda, ile inayopandwa kwenye bustani za mijini. Peter Forsskål, mtaalamu aliyefia Yemen mwaka 1763 katika msafara wa kisayansi wa Wadenmark, ndiye aliyeukusanya na kuueleza. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775, na jina Adenium lililotolewa baadaye linatokana na mji wa Aden.

Kwa Wahadzabe wa Yaeda mmea huu si pambo. Kwa vizazi vingi utomvu wake umewapatia sumu ya mishale ya kuwindia wanyama wakubwa. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu yeyote atakayeugusa darasani hana budi kulijua kabla ya kushika kisu.

Siku hizi waridi la jangwani limekuwa ua la chunguni duniani kote, na wakulima wa Thailand na Taiwan wamezalisha aina nyingi za rangi mbalimbali. Linastahimili kusahauliwa kwa majuma kadhaa, hivyo linafaa sana mbele ya madarasa, ambako wakati wa likizo hakuna wa kumwagilia. Hata hivyo mimea mingi ya namna hii hufa ghafla, na mara nyingi hufa katika majuma machache baada ya kuhamishiwa chungu kipya. Aliyeihamisha husema aliitunza vizuri, kwani aliimwagilia maji mengi siku ile ile. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo.

Sote tulifundishwa kwamba mche ukishahamishwa sharti umwagiliwe papo hapo. Kwa nyanya na kabichi fundisho hilo ni sahihi. Mche wa nyanya una majani laini yanayopoteza maji mfululizo kupitia vitundu vidogo viitwavyo stomata, wala hauna akiba ya maji. Tunapoung'oa, vinyweleo vya mizizi, ambavyo ndivyo vinavyofyonza maji, hukatika kwa wingi. Majani yanaendelea kutumia huku mizizi haiingizi kitu. Bila maji mche utanyauka kabla ya jua kuchwa.

Waridi la jangwani limejengwa kwa mpango mwingine kabisa. Lile shina nene na mizizi yake minono ni ghala, na ndani yake kuna seli kubwa zilizojaa maji. Mmea unapokaa juma zima au zaidi bila kunywa hautetereki, na ukiona ukame unazidi hudondosha majani ili kupunguza matumizi. Kwa hiyo siku ya kuhamishwa adui yake si kiu. Adui yake ni kidonda. Mzizi mnono ukikatika huacha uso mpana wa seli zilizo wazi, zenye maji na chakula. Udongo uliolowa hukosa hewa, na humo ukuvu na bakteria hupata njia iliyo wazi ya kuingia. Kuoza huanzia ardhini, mahali pasipoonekana, na mtu anapogundua kwamba shina limelainika, huwa sehemu kubwa imekwisha haribika.

Mfano wa jambo hili uko katika kila shamba la viazi vitamu. Kiazi kilichokwaruzwa na jembe, kikiwekwa mahali penye joto na hewa, hujifunika kidonda kwa tabaka la seli ngumu zisizopitisha maji. Kikirundikwa na wenzake kwenye unyevu bila hewa, huoza. Waridi la jangwani hufanya vivyo hivyo: likipewa muda wa kukauka, hujitengenezea gamba juu ya kidonda, na baada ya hapo maji hayalidhuru.

Kazi yenyewe basi si ngumu. Dalili za kwamba chungu kimekuwa kidogo ni mizizi kuchungulia kwenye tundu la chini, chungu kupasuka, au maji kupita haraka bila kulowesha udongo. Acha kumwagilia kwa siku kadhaa ili udongo ukauke na kuachia. Lala chungu ubavu, kigongegonge, kisha utoe mmea kwa kushika shina chini, si matawi. Pukuta udongo wa zamani, kata mizizi iliyooza au iliyovunjika kwa kisu kikali na safi mpaka ufikie nyama nyeupe ngumu, halafu uweke mmea kivulini, mahali pakavu penye hewa, kwa siku tatu hadi saba. Wanafunzi watashangaa kuuona umelala mezani bila udongo, waache washangae. Kisha panda katika udongo mkavu, subiri tena siku tano hivi, na ndipo umwagilie mara ya kwanza. Wakuzaji hodari hupandisha mmea kidogo kila wanapouhamisha, ili sehemu ya juu ya mizizi minene ibaki nje. Mmea huonekana mzee kuliko umri wake, na shingo yake hukaa mbali na unyevu.

Udongo ufaao ni ule unaopitisha maji upesi. Udongo mweusi wa mbuga haufai hata kidogo, kwa maana hushika maji mno na kisha hupasuka ukikauka. Changanya mchanga mnene wa korongoni au changarawe ndogo sehemu mbili, na samadi iliyooza kabisa au mboji sehemu moja, pamoja na vipande vya mkaa. Hanang ni mlima wa volkano, na mkazi wa jirani yake akipata vijiwe vyepesi vyenye matundu, atakuwa na kitu bora kuliko mchanga, kwa sababu vijiwe hivyo huacha hewa nyingi kati yao.

Hapa kuna desturi moja ambayo walimu wa fizikia wangenisaidia kuiondoa, nayo ni ya kutandika mawe chini ya chungu ati maji yatoke vizuri. Maji ndani ya udongo hushikwa na nguvu ya kapilari, na hayavuki kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe makubwa mpaka ule udongo laini ujae kwanza. Kwa hiyo mawe hayaondoi kanda iliyolowa. Yanaipandisha juu, karibu zaidi na mizizi. Chukua sponji ya mstatili, iloweshe hadi ijae maji, ishike ikiwa imelala mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Maji yatadondoka tena, ingawa hakuna aliyeikamua. Kimo cha kanda iliyojaa maji hutegemea ukubwa wa matundu ya sponji, si urefu wake. Ikisimama, kanda ile ile inakalia eneo dogo zaidi, na maji yaliyozidi hutoka. Chungu nacho ni hivyo hivyo. Dawa ni kuukwaruza udongo wote uwe na chembe kubwa, kuwa na tundu pana chini, na kuchagua chungu kinachozidi mizizi kwa upana wa vidole viwili au vitatu tu. Chungu kikubwa mno hubaki na udongo ambao hakuna mzizi wa kuunyonya maji.

Suala la majira lina uzito wake katika wilaya hizi. Uso wa Ziwa Eyasi uko karibu mita 1,030 juu ya usawa wa bahari, na Mji wa Mbulu uko zaidi ya mita 1,600. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 tunazopanda, hivyo mmea uliotoka kando ya ziwa na kupandishwa Mbulu hupoteza nyuzi tatu na zaidi, hata kabla hatujahesabu baridi ya usiku ya Juni na Julai. Katika baridi mmea hulala: haunywi, hauoteshi mizizi, na kidonda chake hakifungi upesi. Kuuhamisha wakati huo ni kuutia hatarini. Ningeshauri ufanyike Septemba au Oktoba, joto linapopanda na kabla ya mvua kuanza. Wa Katesh na wa Mbulu wauweke karibu na ukuta unaopigwa na jua, na katika miezi ya baridi wapunguze maji mpaka karibu yakome.

Sasa turudi kwenye sumu. Utomvu wa mmea huu una glikosidi zinazoathiri moyo. Kila seli ya misuli ya moyo ina pampu ndogo kwenye utando wake, ambayo hutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Glikosidi hizi huizuia pampu hiyo. Sodiamu hujaa, kalsiamu nayo huongezeka, na mapigo ya moyo huvurugika. Pampu hiyo ilielezwa mwaka 1957 na Jens Christian Skou wa Denmark, ambaye alitunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 1997. Miongoni mwa vifaa vilivyothibitisha kazi yake ilikuwa wabaini, sumu ya aina hiyo hiyo ambayo jina lake limetoka katika neno la Kisomali la sumu ya mishale. Ujuzi wa wawindaji wa Afrika Mashariki uliingia maabara za Ulaya kwa mlango huo, na hilo linastahili kutajwa darasani.

Kwa hiyo anayekata mizizi avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, asiguse macho wala mdomo, na mwenye kidonda mkononi asishiriki. Kisu cha jikoni kisitumike. Mabaki yafukiwe mbali na mbuzi na ndama. Mtu akimeza sehemu yoyote ya mmea apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kipande cha mmea ili mganga auone.

Mwisho ni kuhusu mahali pa kuupata. Kung'oa mmea mkubwa porini ni hasara mara mbili: shina la unene wa ndoo limechukua miaka mingi kukua, na mzizi wake mkuu hukatwa vibaya kiasi kwamba mara nyingi hauponi. Vipande vya matawi huota, lakini kwa kawaida havifanyi lile tumbo zuri la chini. Njia ya shule ni mbegu. Matunda hutoka mawili mawili kama pembe, na yakipasuka hutoa mbegu nyembamba zenye vishungi vya nywele pande zote mbili, ambavyo huzisaidia kupeperushwa na upepo. Fungia tunda uzi kabla halijapasuka. Mbegu mbichi, zikifunikwa kidogo kwa mchanga wenye unyevu mahali penye joto, huota katika muda wa juma moja au mawili. Kidato cha kwanza wapande, wapime mzingo wa shina kwa uzi na rula kila mwezi, na wachore grafu; watakapofika kidato cha nne watakuwa wamekwisha uhamisha mmea wao mara moja, na grafu itawaonyesha ni miezi gani ulilala.