Jinamizi, kuweweseka na ndoto za ngumi



 Juzi kwenye kahawa hapa Saint Paul palizuka swali: mzee anayerusha ngumi na kupiga mayowe usingizini ana nini? Mmoja akasema jini, mwingine akasema ni vita alivyovikimbia. Hebu nieleze ninavyofahamu, manake jibu moja kubwa lilipatikana hapa hapa.

Tuanze na usingizi wenyewe. Mwaka 1953 Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba kuna kipindi ambapo macho hucheza haraka haraka chini ya kope. Hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na ndipo ndoto kali zinapokuja. Ubongo unachemka karibu kama wa mtu aliye macho, lakini misuli imepigwa kufuli: shina la ubongo huzuia amri zisifike mikononi na miguuni. Simba akikukimbiza ndotoni, kitandani hutikisiki.

Sasa, kufuli hiyo ikichelewa kufunguka, akili inaamka na mwili bado umefungwa. Unaona kama umekaliwa kifuani, kupiga kelele huwezi. Hilo ndilo jinamizi, na aghalabu halina madhara. Kuweweseka, yaani kusemasema usingizini, nako mara nyingi si ugonjwa.

Ngumi ni kinyume cha jinamizi: kufuli haifungi. Mwaka 1986 Carlos Schenck, Mark Mahowald na wenzao wa hospitali ya Hennepin County Medical Center, Minneapolis, waliandika juu ya wagonjwa watano, wote wa miaka 60 na zaidi. Mmoja aliota anacheza futiboli ya Kimarekani. Alipomvamia mpinzani, kumbe amejibamiza kwenye kabati chumbani!

Kwa nini tujali? Mwaka 1996 madaktari hao walitoa habari ya wanaume 29 wenye zaidi ya miaka 50 waliokuwa na hali hii bila sababu nyingine kujulikana. Asilimia 38 walikuwa wameshapata dalili za ugonjwa wa Parkinson. Walipoendelea kuwafuatilia, hadi 2013 ilikuwa imefika asilimia 81 ya waliobaki, wengine kwa Parkinson, wengine kwa kupotewa na akili. Yaani shina la ubongo huweza kuanza kudhurika miaka mingi kabla mkono haujatetemeka.

Lakini tusitishane. Si kila mwenye mayowe anayo hali hii. Yuko anayeota kweli mateso aliyoyaona, yuko anayekoroma na kukosa pumzi akashtuka, na dawa kadhaa za sonona pia huweza kuileta. Kujua kwa hakika ni mpaka mtu alazwe usiku mmoja hospitali, apimwe misuli akiwa usingizini.

Kwa sasa hakuna dawa iliyothibitika kuzuia Parkinson isije. Ngumi zenyewe zinatulizwa, kwa melatonini au klonazepamu, daktari akiona inafaa. Nyumbani ondoeni vioo na vitu vyenye ncha karibu na kitanda, na mama alale pembeni kwa muda bila kuonekana amekasirika.

Dua na kisomo hakuna anayekataza, jamani, ila mzee apelekwe hospitali, na mkewe aende naye. Mwenye ndoto mara nyingi hajui alichofanya. Anayejua ni aliyepigwa.