Picha ya Moyo Haisubiri Jasho Likauke

Mashine ya kukimbilia ndiyo kwanza imesimama. Mgonjwa anatweta, nyaya za kipimo cha umeme wa moyo zinamning'inia kifuani, na hamu yake ni kusimama tu avute pumzi. Haruhusiwi. Anashikwa mkono na kulazwa ubavu wa kushoto kwenye kitanda kilicho hatua mbili kutoka hapo, na mpimaji wa ultrasaundi ameshapaka jeli. Picha zote zinatakiwa zipatikane ndani ya sekunde 60, zikichelewa sana 90.

Kisa cha haraka hiyo kimo kwenye msuli wenyewe. Mshipa wa koronari uliobanwa na mafuta huweza kabisa kuulisha moyo uliotulia. Mtu akikimbia, mahitaji ya damu yanapanda na mshipa haumudu, na kipande cha ukuta wa moyo kinachoutegemea huanza kuzembea: vingine vikijikunja kwa nguvu, chenyewe kinajikunja nusunusu. Mara nyingi uzembe huo hutangulia maumivu ya kifua, hata mabadiliko ya mistari ya umeme. Lakini mapigo yakishuka, damu inatosha tena na ukuta unarudi kazini. Dakika chache tu, na moyo wenye ugonjwa unaweza kuonekana mzima.

Kwa hiyo ile desturi ya kutembea polepole mwishoni ili mwili upoe hapa haipo. Mpimaji naye ana vita vyake: pafu lililojaa hewa huyazuia mawimbi ya sauti, basi humwambia mtu anayehema atoe pumzi na kuizuia kidogo. Mwambie hivyo aliyetoka kupandishwa mlima! Utaratibu wa kukimbiza mgonjwa unaotumika sana ni wa Robert Bruce, daktari wa moyo wa Seattle, Marekani: unaanza kwa kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, na kila dakika 3 kasi na mwinuko vinaongezwa. Shabaha ni asilimia 85 ya mapigo yanayopatikana kwa kutoa umri kwenye 220; mwenye miaka 60 anatafuta 136. Ni makadirio tu, lakini aliyeishia mbali chini ya hapo huenda hakuupa moyo kazi ya kutosha kuufichua. Ipo pia baiskeli inayoendeshwa mtu akiwa ameegama, ambayo huruhusu picha zipigwe miguu ikiendelea kuzunguka. Naiona njia ya busara, ila mapaja yasiyozoea huchoka kabla ya moyo.

Ukihamia kitengo cha nyuklia, haraka hiyo huikuti. Dawa ya sestamibi iliyofungwa kwenye teknetiamu-99m, yenye mionzi, hudungwa mgonjwa akiwa kileleni mwa mbio, naye huendelea kukimbia kama dakika moja zaidi ili msuli uinyonye. Ikishaingia ndani ya seli hukaa pale pale, kama wino wa kura kidoleni: hata baada ya saa nzima, kamera ya gama bado inaonyesha damu ilivyogawanyika wakati wa sindano. Kusubiri kunahitajika, kwa kuwa ini nalo hunyonya dawa hiyo kwa wingi, na mng'ao wake huukaribia ukuta wa chini wa moyo na kuuvuruga. Basi mgonjwa hukaa kati ya dakika 15 na 60.

Thaliamu-201, iliyotangulia teknetiamu katika kazi hii, haitulii hivyo. Mwili huichukulia kama potasiamu, ikiingia na kutoka kwenye seli, kwa hiyo picha za kwanza huanza ndani ya dakika 10 hadi 15, na nyingine hupigwa saa 3 au 4 baadaye. Doa lililojaa katika picha za pili ni msuli ulio hai uliokosa damu wakati wa mbio. Hata hivyo, kuanza mara moja nako kunaharibu: mtu anapohema sana kiwambo chake hushuka, na pumzi ikitulia moyo hupanda taratibu kamera ikiwa kazini, hadi ukuta wa chini uonekane na kasoro usiyokuwa nayo.