Chemsha Leo, Unga Keshokutwa

Jirani yangu wa Ilazo anafanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na ni sauti ya pili katika kwaya ya usharika wake. Mazoezi ni Jumatano na Ijumaa, saa 12:30 jioni. Kwa muda mrefu alikuwa akiingia wimbo wa tatu ukiwa umeshika moto, vidole vinanuka vitunguu, na siku nyingine haendi kabisa. Nilipomuuliza kinachomkwamisha, nilitegemea aseme foleni au watoto. Akasema maharage. "Mwenzangu, nikiyaacha jikoni yanaungua, nikiyasubiri yaive kwaya imeshatawanyika."

Hakuwa anatafuta kisingizio. Maharage ya Dodoma yana taabu yake. Jiji liko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 300 unazopanda, maji huchemka kwa joto lililopungua takriban nyuzi 1. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100; hapa kwetu hayavuki sana 96. Tofauti inaonekana ndogo, ila punje ya maharage inaihisi. Ongeza maji ya kisima yenye chokaa, ambayo hufanya maganda yagome kulainika, na saa 2 za jikoni zinakwisha ukiwa bado unaonja na kutikisa kichwa.

Wengi hukimbilia magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, ambayo ni sehemu ya faida ya kula maharage. Mimi naloweka usiku kucha, namwaga yale maji, naanza na mapya. Mwenye sufuria ya presha ana bahati, kwa sababu mvuke uliobanwa hupandisha joto hadi kupita nyuzi 110, na mwinuko wa Dodoma haumsumbui tena. Jambo moja tu lisipuuzwe: maharage mekundu yana sumu yake ya asili, na kinachoiharibu ni kutokota sawasawa kwa dakika 10 au zaidi. Kuyaacha yapate uvuguvugu mchana kutwa hakutoshi.

Sasa sikiliza lugha yetu yenyewe. Maharage tunayachemsha, halafu tunayaunga. Ni vitenzi viwili kwa sababu ni kazi mbili. Kuchemsha kunakula saa 2 na hakutaki akili. Kunataka mtu wa kuongeza maji tu. Kuunga ni dakika 15, na hapo ndipo mkono wa mpishi unapojulikana. Tunachokosea ni kuzifunga kazi hizi pamoja na kuzirudia zote mbili kila jioni. Zitenganishe. Ya kwanza ifanye mara moja kwa wiki, ya pili ifanye siku ya kula.

Atakayesema haya ni mambo ya wenye friza, aende sokoni Majengo aulize unga wa mlenda. Ugogo mvua huanza Desemba na kuishia Aprili, na kwa mwaka mzima haifiki sana milimita 600. Majani ya mlenda yanajaa maporini na mashambani kwa wiki chache tu. Kina mama huyachuma yakiwa mengi, huyaanika, huyatwanga, huyachekecha na kuyahifadhi. Kazi yote ndefu imekwisha hapo. Mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa kama tofali, mboga ni suala la dakika: maji yakichemka, unadondoshea unga huku unapekecha kwa kijiti kati ya viganja, mpaka rangi iwe kijani inayokaribia nyeusi na ute uanze kuvutika. Ndipo zinaingia nyanya, chumvi na karanga zilizotwangwa. Sufuria inashuka kabla ugali wa uwele haujapoa.

Tazama walichofanya. Ule unga haukuchanganywa na karanga tangu mwanzo, ingawa karanga zingeingia tu mwishoni hata hivyo. Majani makavu hukaa miezi. Karanga zina mafuta, na zikishatwangwa mafuta yake hukutana na hewa, na baada ya wiki chache zinanuka kama mafuta ya zamani. Kwa hiyo kinachodumu kikawekwa peke yake, na kinachoharibika upesi kikasubiri siku yake. Sijui somo la teknolojia ya chakula linaloeleza jambo hili vizuri kuliko chungu cha mlenda. Ningewarekebisha kidogo tu kwenye jua: likipiga majani moja kwa moja linachoma sehemu kubwa ya vitamini A na C. Mchicha au majani ya kunde ya bustanini, ukiyakausha kati ya Mei na Novemba, hewa ya hapa ni kavu kiasi kwamba kivuli chenye upepo kinatosha.

Nikiwa kwenye karanga, sina budi kusema habari ya sumukuvu. Mwaka 2016, hapa Dodoma na jirani zetu Manyara, zaidi ya watu 60 waliugua na wapatao 20 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Inatokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Kuchemsha hakuimalizi, kukaanga hakuimalizi, na friza haiigusi. Kwa hiyo unapoandaa karanga za kutumia mwezi mzima, zimwage kwenye ungo mchana kweupe na uchague punje moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika au yenye vumbi la kijani, itupe. Usimpe kuku.

Tuje kwenye viungo, maana kuunga kwa dakika 15 kunawezekana kama kopo la viungo liko tayari. Dodoma tunalima alizeti, karanga na zabibu, viungo vinatufuata. Iliki, pilipili manga na mdalasini hushuka kutoka milima ya Uluguru na ya Tanga, karafuu huvuka bahari kutoka Pemba na Unguja, na binzari nyembamba nyingi inatoka India. Harufu ya vyote hivi ni mafuta mepesi yanayoruka hewani. Punje nzima ni kama chupa iliyozibwa, ukiisaga umetoa kizibo. Ndiyo maana viungo vizima hukaa mwaka na zaidi, na vilivyosagwa huanza kufifia baada ya miezi michache. Saga kidogo kidogo, cha kutosha miezi 2.

Mchanganyiko wangu wa pilau ni vijiko 4 vya binzari nyembamba, 2 vya pilipili manga, kimoja cha iliki, vijiti 2 vya mdalasini na karafuu nusu kijiko, tena nusu isiyojaa. Wa mchuzi na maharage ni giligilani vijiko 4, binzari nyembamba 2, manjano kimoja na nusu, tangawizi kavu kimoja, pilipili manga nusu. Vizima vikaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, huku unakoroga; karafuu na iliki zitie mwishoni kwa sababu zinaungua haraka. Harufu ikimfikia aliyekaa sebuleni, epua. Halafu subiri vipoe kabisa. Ukisaga vya moto, mvuke unageuka unyevu ndani ya blenda na unga unashikana madonge. Hifadhi kwenye kopo la kioo, kabatini, mbali na jiko. Na usinyunyize kwa kulitikisa kopo juu ya sufuria inayotokota, maana kila ukifanya hivyo unalilisha mvuke. Chota kwa kijiko kikavu.

Chumvi usiichanganye humo. Inavuta unyevu, na inakunyima nafasi ya kupima. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na kijiko hicho kinajaa kabla hujajua.

Friza sasa. Ubaridi wa nyuzi 18 chini ya sifuri hauwaui vijidudu, unawalaza tu. Wakiingia wengi, wataamka wengi. Hatari kubwa iko kati ya jikoni na friza, sufuria inapopoa yenyewe juu ya meza tangu adhuhuri mpaka magharibi. Iweke kwenye beseni la maji baridi, koroga, badilisha maji, na ndani ya saa 2 chakula kiwe kimeshaingia kwenye baridi. Gawa kwa kipimo cha mlo mmoja. Ukitumia mifuko ya kuhifadhia chakula, ilaze iwe bapa, unene wa vidole 2, ili igande haraka na iyeyuke haraka. Ukitumia vikopo, acha nafasi juu, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na kifuniko kitapasuka.

Kisha kuna kosa nililolifanya mwenyewe. Niligandisha pilau ya sikukuu iliyobaki, imekolea viungo, nikijisifu kwamba nimejiwekea akiba. Baada ya wiki 3 nilipoipasha ilikuwa na ladha ya chumba cha daktari wa meno. Karafuu, pilipili manga na kitunguu saumu huwa na tabia hiyo: zikikaa kwenye barafu ladha yake inazidi kuwa kali, hata kuelekea uchungu. Tui nalo hukatika, na viazi mbatata hugeuka sifongo. Ndipo nilipoelewa kwamba chungu cha mlenda kilikuwa kimeshaniambia. Gandisha kilichochemshwa, kisiwe kimeungwa: maharage, choroko, nyama ya ng'ombe na supu yake, nyanya na vitunguu vilivyokaushwa maji kwa moto. Viungo, saumu, nazi na karanga vibaki nje. Kuna faida nyingine ambayo wala sikuitarajia. Maharage yaleyale Jumatatu yanaungwa kwa nyanya na manjano, Jumatano kwa karanga, Ijumaa kwa nazi, na hakuna mtoto anayelalamika kwamba amelishwa kiporo.

Gesi nayo inashukuru. Kilo 2 zikichemshwa kwa mkupuo mmoja zinatumia moto mdogo kuliko nusu kilo mara 4. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Nadhani mtungi unaokwisha mapema ndio unaowarudisha wengi kwenye gunia la mkaa.

Umeme ukikatika, usifungue friza kwenda kuangalia. Iliyojaa inaweza kushika ubaridi saa 48 mlango ukiwa umefungwa. Iliyojaa nusu, saa 24. Ukiwa safarini huwezi kujua ulikatika kwa muda gani, kwa hiyo gandisha kikombe cha maji na uweke sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta imezama chini, chakula kiliyeyuka kikaganda upya. Kimwage, hata kama roho inauma. Na asiye na friza anaweza kuzungumza na muuza barafu wa mtaani. Wengi wana kona isiyo na kazi, na vikopo 4 vyenye jina na tarehe havimzuii kuuza barafu.

Jirani yangu anachemsha kilo 2 kila Jumapili baada ya ibada. Asubuhi ya Jumatano, kabla ya kupanda gari la Mtumba, anatoa kopo moja kwenye friza na kulishusha kwenye friji liyeyuke taratibu. Wiki iliyopita nilikutana naye njiani saa 12:15 jioni, kitabu cha nyimbo kwapani, anatembea bila haraka. Nikamuuliza ameacha nini jikoni.

"Nimemwacha mwanangu wa kidato cha pili," akasema. "Anaunga."