Wapinzani Wakikurukia Golini Kwako

Mwezi uliopita timu ya kijiji chetu ilifungwa 4-1. Magoli matatu yalikuja kwa namna ile ile. Beki wetu anapokea mpira karibu na goli letu, wapinzani watatu wanamrukia kama nyuki, mpira unaporwa. Wazee tukapiga kelele pembeni: "Mrudishie kipa adake!" Kijana akamrudishia, kipa akadaka, refa akapuliza filimbi. Tukamzomea refa. Kumbe hakukosea! Tangu mwaka 1992 kipa haruhusiwi kudaka mpira aliopigiwa makusudi kwa mguu na mwenzake. Tulikuwa tunawafundisha vijana mpira wa zamani.

Sasa ufanyeje? Kwanza fanya hesabu. Kila timu ina watu 11. Wapinzani wakija 6 kukukaba golini kwako, kwao wamebaki 4 na kipa. Kipa wao yuko mbali, hamkabi mtu. Kipa wako yupo hapo hapo, naye ana miguu. Kwa hiyo upande wako daima yuko mtu mmoja asiyekabwa. Kazi ni kumwona mapema.

Beki atazame huku na huku kabla mpira haujamfikia. Akiupata asichenge, atoe pasi upesi. Kiungo ashuke kumsaidia. Lakini kiungo huyo amelipa mgongo goli la wapinzani, akigeuka ataporwa. Basi asigeuke. Aupige mara moja kwa beki wa pembeni, ambaye anauona uwanja wote mbele yake. Wale waliokuja mbio wamekwisha kupitwa, na kurudi ni mbali.

Hata kipa akianzisha mpira wa goli, siku hizi ni rahisi zaidi. Tangu 2019 mwenzake anaweza kuupokea ndani ya eneo la hatari, na wapinzani lazima wangoje nje mpaka upigwe.

Je, kubutua mbele ni vibaya? Si vibaya, kama yuko mtu wa kuukimbilia. Mshambuliaji akiwa bado nusu yenu ya uwanja wakati pasi inapigwa, hahesabiwi ameotea, hata kama mabeki wao wote wamempita. Ila huku kwetu Bagamoyo angalia upepo. Kusi likivuma, mpira mrefu wa kwenda kusini hurudi kama umefungwa kamba. Hapo piga chini chini.

Na mkifungwa kwanza msipaparike. Ndola, mwaka 1979, Zambia walikuwa kwao wanaongoza 1-0. Peter Tino akasawazisha dakika za mwisho, na Taifa Stars ikaenda Fainali za Afrika za 1980 nchini Nigeria.

Vijana wetu sasa wanafanya mazoezi ufukweni maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu. Tumechora mraba wa hatua 12 kila upande. Wanne wanapeana pasi, wawili wanapora, na kila mtu anaruhusiwa kuugusa mpira mara mbili tu. Kipa naye anaingia, bila kutumia mikono. Wiki ya kwanza hawakufikisha pasi tano. Jumamosi iliyopita walifika kumi na nne.