Ziwa Tanganyika: samaki mmoja, majina manne, utabiri unaotafuta lugha moja

Kalemie wanamwita ndakala. Bujumbura ni ndagala, Kigoma ni dagaa, na ukifika Mpulungu, nchini Zambia, ni kapenta. Sokoni majina hayo hayasumbui mtu. Lakini kwa watafiti wanaotaka kutabiri kama samaki wataongezeka ao watapungua, shida inaanzia hapo.

Kwanza, jina hilo linafunika aina mbili za samaki: Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Huyu wa pili ndiye aliyepandikizwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wakaaji wa Bukavu na Goma wanamwita sambaza. Naye dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki mwingine kabisa. Daftari la bandarini likiandika "dagaa" peke yake, mtafiti hajui ni nani aliyehesabiwa.

Jambo hili linagusa mifuko ya watu. Congo, Tanzania, Burundi na Zambia zinagawana ziwa hili, na tangu mwaka wa 2003 zina mkataba wa kulisimamia pamoja. Kufuatana na makubaliano ya nchi hizo nne, Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Kwa jamaa inayoishi kwa wavu, miezi mitatu ni mirefu. Mvuvi anayeambiwa akae nyumbani ana haki ya kujua hesabu iliyofanywa inasema nini hasa.

Maneno ya wataalamu nayo yanachanganya. Utabiri unasema ni nini kinatazamiwa kutokea wiki ao miezi ijayo, na kwa uwezekano gani. Makadirio ya miaka mingi yanasema kitu kingine: kama joto likiongezeka kiasi fulani, hali inaweza kuwa hivi. Mwaka wa 2003, utafiti mmoja ulionyesha kwamba kupanda kwa joto kulipunguza uzalishaji wa viumbe vidogo vinavyolisha ziwa kwa karibu asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30. Hayo ni makadirio. Hayamwambii mvuvi wa Moba atapata nini mwezi ujao.

Ugumu huu si wa Tanganyika peke yake. Mwaka wa 2023, watafiti wa mtandao unaoitwa Ecological Forecasting Initiative walitangaza kanuni za pamoja za kuandika utabiri wa mazingira: siku ulipotolewa, siku unayohusu, na kiasi cha mashaka kilichomo. Bila hayo, tabiri mbili haziwezi kulinganishwa.

Kwenye ziwa letu, kituo cha CRH cha Uvira kinaandika kwa Kifaransa, na wenzao wa TAFIRI huko Kigoma kwa Kiingereza. Wavuvi wa pande hizo mbili wanaelewana kwa Kiswahili. Orodha fupi ingesaidia: jina la kisayansi kando ya jina la kila bandari, uzito kwa kilo pahali pa beseni, na uwezekano kwa maneno ya kila siku, kwa mfano "mara saba kwa kumi". Hapo mvuvi ataweza kuuliza, msimu ukiisha: mlisema nini, na wavu umeleta nini?